Maneno Kumi na Mawili ya Kidoti

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe alikuja jana kumkagua mjukuu. Hukumu: Kidoti ana miaka mitatu na nusu, na maneno kumi na mawili tu. Jumapili anarudi. Asipomkuta anaongea, anamchukua akamlee mwenyewe! Tangu mke wangu atutoke, miezi minne sasa, nyumba hii ina watu wawili na redio moja. Kidoti akiondoka sibaki na kitu. Lakini mimi ni mchora mabango. Maneno ndiyo kazi yangu! Nina mpango.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika kila kitu kwa rangi nyekundu, herufi za shibiri nzima. MEZA. KABATI. MLANGO. KITI. Kazi safi! Kidoti akakalia kiti kabla rangi haijakauka. Gauni lake sasa limeandikwa KITI kinyumenyume. Ndipo nikakumbuka kwamba hajui kusoma. Maneno mapya: sifuri.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji, dada wa marehemu, alipita na mwanawe. Rika moja na Kidoti. Mimi humwita Kasuku. Shemeji akaniuliza kwa nini mlango wangu umeandikwa mlango, au huwa nausahau? Akacheka mpaka akaegemea kabati. Rangi mbichi. Nilifurahi. Nikamhonga Kasuku biskuti ili akae amwambukize mwanangu maneno. Alimaliza pakiti. Akaongea kwa saa mbili peke yake, Kidoti akimtazama, kisha Kidoti akalala.

Alhamisi, 6 Machi
Neno jipya! Kidoti aligusa picha ya mama yake ukutani, akasema: bado. Nikamsahihisha: mama. Akatikisa kichwa. Bado. Nikaingiwa na hofu, nikambeba hadi kwa mwalimu wa chekechea. Mwalimu akauliza mtoto akimuulizia mama huwa namjibu nini. Nikasema kila asubuhi anauliza kama mama amerudi, nami humjibu bado. Mwalimu akasema basi, baba, mtoto hajakosea, ameshika alichofundishwa. Akasema ukuta haufundishi mtoto kuongea, anafundishwa na mtu anayezungumza naye. Nikae naye, nimwambie kwa neno lenyewe: mama amekufa. Halafu nimjibu kila atakachouliza. Nililia njia nzima. Sijali nani aliniona.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejaribu. Nilimkalisha, nikaanza: mama yako... Nikamalizia: alikuwa anaipenda sana meza hii. Kidoti akaipapasa meza kwa viganja vyote viwili. Nikatoka nje kuosha brashi zilizokuwa safi.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe amefika. Kidoti alimshika mkono, akampeleka kwenye picha, akasema bado. Bibi wa watu aliketi palepale sakafuni, akalia kwa sauti. Alipotulia akasema mtoto hana ugonjwa wa ulimi, bubu ni mimi, baba yake. Amenipa wiki moja. Nimwambie mwanangu mwenyewe, la sivyo Jumapili ijayo anamchukua, na safari hii nguo zake nizifungashe kabisa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimenunua kamusi! Jalada gumu, nzito kama tofali. Neno lile nitamsomea, si lazima nilitamke kwa akili yangu. Muuza vitabu alinieleza kwamba kitenzi hutafutwa bila "ku" yake. Nikamwambia sikuja kufundishwa. Nyumbani nikampakata Kidoti, nikafungua K. Kucha. Kudra. Kufuli. Kufa halimo! Nimetazama mara tatu. Wataalamu wazima wameliruka, mimi ni nani? Kidoti akauliza kama mama amerudi. Nikamwambia tunasoma kwanza. Tumesoma kufuli. Amelitamka vizuri mno, mara nne. Sasa ana maneno kumi na manne. Jumapili simwogopi mtu.