Kila Nafasi na Mtu Wake

Jumapili, 2 Novemba 2025

Wiki imeanza na nyota yangu imeng'aa. Mwaka mzima mimi ni Kaimu Mkuu wa Usalama hapa kiwandani Rusayl. Kaimu! Mama ameshautangazia mtaa wetu mzima wa Darsait kwamba mwanawe Sleiman ni Mkuu, na kila Ijumaa napewa hongera za cheo nisichokuwa nacho. Leo mudir wetu, yaani meneja, Bwana Humam, kaniita. Serikali inamleta mkaguzi, Injinia Khulood. Tukifaulu zoezi la dharura, nathibitishwa. Tukifeli, cheo anakipata Hisham wa matengenezo.

Hisham! Mtu anayekula chakula cha mchana amesimama.

Injinia Khulood kanipigia simu kuhusu mpango wangu. Sisi tunagandisha samaki, na mitambo ya baridi inatumia amonia. Ikivuja, inachoma macho na kukata pumzi, na watu wote watoke mbio. Mpango wangu una kazi nane na watu wanne. Kaniuliza Aws, mmoja wa hao wanne, atafungaje valvu chumba cha mitambo na wakati huohuo ahesabu watu langoni. Je, ana pacha? Nikamjibu hana, ila ni mwepesi.  Kisha akasema atakuja wiki hii, siku asiyoitaja, na anataka kila nafasi na mtu wake.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepata dawa! Jamaa zangu.

Mimi nilipoajiriwa hapa nilimleta Aws, mtoto wa ami yangu. Aws kamleta Nawar. Nawar kamleta dada yangu Aliya. Sasa tumejaa kila idara, mpaka mizani na stoo. Leo nimewaita wote saba faraghani nikawagawia kazi, na ya nane nimeichukua mimi, ya kuamuru. Nani atakayekimbilia hatari nikimwita kama si ndugu yangu? Damu nzito kuliko maji.

Hisham kapita, katazama, kauliza kwa nini timu nzima inafanana pua. Wivu. Akasema Elikana, dereva wa foklifti kutoka Mwanza, na Eufrasia wa kantini wameomba kujiunga. Nikamwambia nafasi zimejaa. Akasema basi atawafundisha mwenyewe, wakati wa chai. Afundishe. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Jumatano, 5 Novemba

Mazoezi yamekwenda vizuri mno. Nimepiga king'ora, na wote saba walikuwa mahali pao kabla sijamaliza kuvaa kizibao changu cha njano. Aliya alihesabu watu bila kukosea. Nawar alimbeba Aws mabegani kama majeruhi, wakaanguka pamoja, lakini waliinuka wanacheka.

Bwana Humam aliona kutoka dirishani. Akatikisa kichwa chini juu, yaani ndiyo. Nimemwambia Mama aanze kufikiria halwa.

Mkaguzi bado hajatokea. Na aje!

Alhamisi, 6 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi habari imeingia: Bibi Jawaher, bibi yetu sote, anarudi kutoka umra leo badala ya kesho. Ndege yake imebadilishwa. Kwetu sisi, Bibi akitoka Makka, asiyeonekana uwanja wa ndege atasemwa mpaka atakapozikwa, na hata pale kaburini atakuwapo wa kukumbusha.

Aws akaja ofisini, mlango akaufunga, akaniomba ruhusa ya saa moja. Nikaona hakuna neno, wamebaki sita. Nikamruhusu. Aliya akaja, analia kabisa. Nikamruhusu, wengine si wapo? Nawar akaja. Wengine si wapo? Wakaja mmoja mmoja, kila mmoja kwa siri, kila mmoja akinihakikishia kwamba wenzake wamebaki. Nami nikamruhusu kila mmoja kwa moyo mweupe, maana nilikuwa na timu kubwa.

Kisha nikaenda na mimi. Timu si ipo?

Pale panapotokea abiria nikamwona Aws na maua. Pembeni yake Aliya na chetezo cha ubani. Nyuma yao Nawar. Nikaanza kuwahesabu kama ninavyohesabu kwenye zoezi. Hakuna aliyekosekana! Mahudhurio kamili, ila si mahali pake.

Simu ikalia. Hisham. Sauti yake tamu kuliko tende. Akasema Injinia Khulood amefika, amepiga king'ora, anamwulizia mkuu wa timu.

Tulikimbia. Bibi tulimkimbiza na kiti chake cha magurudumu, naye akisema, "N'natoka kwa Mola mimi, mnanipeleka wapi?" Hatukuwa na muda wa kumshusha nyumbani. Magari matatu, Rusayl moja kwa moja.

Tukawakuta wafanyakazi wote nje, upande upepo unakotokea, wamejipanga. Hisham amevaa kizibao changu. Kizibao changu! Eufrasia anawahesabu mara ya pili kwa sababu ya kwanza alikosea. Elikana alipoona mwanamke mzee kwenye kiti cha magurudumu, akadhani ndiye majeruhi wa zoezi. Akamdaka, mbio mpaka kwenye gari la wagonjwa. Bibi alipinga mpaka alipopewa oksijeni. Baadaye tulipata taabu kumtoa.

Injinia Khulood hakucheka. Alinichukua kando, akaniambia pole pole kwamba Hisham na watu wake walichelewa, valvu hawakuifikia, na wawili kati ya wafanyakazi walirudi ndani kufuata simu zao kwa kukosa wa kuwazuia. Ingekuwa amonia ya kweli, wale wawili tusingewaona tena. Akasema haulizi timu ina watu wangapi, anauliza siku hiyo watakuwepo wangapi. Watu wote wanaovutwa na kamba moja, ukiivuta kamba, unabaki na nafasi tupu. Changanya watu, akasema. Kila nafasi iwe na wa badala. Atarudi.

Niliona haya. Niliwatazama wale wawili, wanabishana nani simu yake ina chaji, na nikaona haya ya kweli.

Jumapili, 9 Novemba

Bwana Humam kasema hii ndiyo nafasi ya mwisho. Hisham amerudisha kizibao, amekifua. Amekifua kwa makusudi!

Nimekwenda kantini kumwomba Eufrasia aingie kwenye timu. Akanijibu kwa lafudhi yake ya bara kwamba alikuwa anangoja tu kuombwa vizuri. Elikana kakubali kabla sijamaliza. Hisham nimemwomba mwisho. Alikuwa anakula, amesimama. Kasema atashika chumba cha mitambo, kwa sharti kwamba mimi nisimfundishe.

Jamaa zangu nimebakisha wawili tu, Aliya na Aws. Nafasi zilizobaki, na za wa badala, nimewapa watu wa idara nyingine. Nawar kaninunia. Mama pia.

Jumatano, 19 Novemba

Tunafanya mazoezi kila siku. Nilidhani nitawachukia. Siwachukii. Eufrasia sasa anahesabu watu kwa majina, na anayejaribu kurudi ndani anamshika ukosi. Elikana kila Ijumaa huja Darsait kumsukuma Bibi barazani, kwa sababu Bibi amesema hakuna anayejua kiti kama yule kijana wa oksijeni. Hata Hisham alikuja. Kapewa kiti. Kakaa! Kumbe anajua.

Jumatatu, 24 Novemba

TUMEFAULU!

Injinia Khulood kaja bila kubisha hodi. King'ora. Hisham kaifikia valvu, Eufrasia hakumkosa mtu, Elikana kambeba Bwana Humam mwenyewe, mzito vile. Kila nafasi na mtu wake, na wa badala nyuma yake. Injinia alitabasamu. Meno nimeyaona. Na mimi, kuanzia leo, ni Mkuu wa Usalama. Si kaimu! Mama kalia kwenye simu, halafu akaniuliza kwani nilikuwa nani siku zote hizi.

Nimejifunza somo kubwa, nami naliandika hapa lisipotee: timu si damu. Watu hawa sasa ni jamaa zangu kabisa. Bibi naye kasema hivyohivyo. Alhamisi anasafiri kwenda Unguja kwenye harusi ya mjukuu, na ameagiza timu nzima iende uwanja wa ndege kumsindikiza, kwa majina: Elikana wa kiti, Eufrasia wa maandazi, Hisham wa mizigo. Na wale wa badala pia, maana itakuwa aibu kuwaita nusu. Nimewauliza mmoja mmoja, na hakuna aliyekataa. Kiwandani pana mlinzi, na Injinia hana sababu ya kurudi, tumeshafaulu.

Basi dogo nimeshalikodi, wote tunaenea. Safari hii habaki mtu nyuma.