Wodi ya Kyebando Yahamia Kwenye Theluji

Jumatatu, 6 Oktoba
Giza. Wodi yangu ya wazazi ya Kyebando, kazi ya miezi miwili, kompyuta inaionyesha nyeusi tii! Na madirisha saba nimeweka. Saba! Programu hii ya kupima mwanga wa jua haina hata kitufe. Unaandika kistari, herufi, namba, unamwachia Mungu. Ijumaa Madam Aloyo, mwenye ofisi, anachagua mchoro mmoja. Mwenye mchoro anabaki kazini, mwingine aende zake. Huyo mwingine isiwe mimi! Nashindana na Aristide wa Bukavu. Wodi yake inawaka. Nimemchukia kabla ya chai.

Jumanne, 7 Oktoba
Nelima wa mapokezi kaniambia nimuulize tu Aristide. Nimuulize! Mimi mtoto wa kambini, baba sajini, Kiswahili nimenyonya, niombe msaada kwa mtu wa juzi? Bora giza.
Mchana nimejibanza nyuma ya kabati la ramani. Aristide yuko kwenye simu, anamfundisha rafiki yake programu ile ile. Akasema mwanga usipodunda ukutani, chumba huwa cheusi. Aandike kistari, herufi ya kwanza ya neno "ludi", kisha tano. Ludi. L! Mwizi wa elimu hafungwi.

Jumatano, 8 Oktoba
L, tano. Giza. L, kumi. Giza. Thelathini, kamstari ka jua sakafuni. Sitini... jua hadi kitanda cha mwisho! Nilipiga kelele, Nelima akadhani nyoka. Nimempelekea Madam papo hapo. Kesho sikukuu ya Uhuru, nalala hadi adhuhuri.

Ijumaa, 10 Oktoba
Aibu. Madam aliuliza kwa nini saa sita mchana jua la Kyebando, hapa kwenye ikweta, limeshuka hivyo. Nikasema ni msimu. Ndipo Aristide, kwa upole unaokera, akaeleza kwamba neno la mwanga kudunda linaanza na r. L ni latitudo. Wodi nimeisogeza digrii sitini kaskazini, akina mama wangejifungulia kwenye theluji. Nikamjibu hata mimi nilisema hivyo hivyo: ludi! Nelima alicheka hadi akatoka nje.
Itajengwa ya Aristide. Nimelia chooni, mfereji nimeufungulia wasinisikie.

Jumapili, 12 Oktoba
Silali, sili. Nikifumba macho naona vitanda vyangu gizani, na hakuna mtoto atakayezaliwa humo. Inauma.
Aristide amekuja hadi chumbani kwangu Bukoto. Kaleta mkate, kaniandikia amri nzima ya programu kwenye karatasi. Nimemshukuru. Mkate nimeula. Karatasi nimeikunja chini ya mguu wa meza, ilikuwa inayumba.
Kesho nina usaili Ggaba, ofisi ndogo ya wachoraji. Wanataka kuona kazi yangu. Nimeifungua wodi tena. Sitini ulikuwa woga tu. Nimeweka sabini. Lo, inavyong'aa!