Malalamiko ya Mkumbushaji Kuhusu Ukimya wa Ukurasa wa Themanini na Nne

Kwa Mkurugenzi wa Jumba la Maonyesho.

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: ONYESHO LA KWANZA LA MAJARIBIO LA "BWANA HARUSI KACHELEWA", PAMOJA NA SHIMO LANGU

Natumaini u mzima na kwamba yale mafua uliyotukaribisha nayo mlangoni juzi yamekuachia.

Mimi unanijua. Nimekaa miaka kumi na tisa ndani ya shimo la mkumbushaji, pale mbele ya jukwaa, chini ya kifuniko cha mbao, nikiwa na kigoda, kitaa kilichofungwa karatasi ya bluu, na mswada. Kazi yangu ilikuwa moja tu: mwigizaji akisahau maneno, namnong'oneza. Watazamaji hawakuniona wala hawakujua kwamba nipo, na hiyo ndiyo sifa ya kazi yenyewe. Sasa mchezo umetengenezwa upya, mwongozaji mpya ameletwa, shimo limefunikwa, nami nimepewa cheti, saa ya ukutani na tiketi mbili, nije na mama watoto tukae mbele ya pazia kama watu wengine.

Mlangoni tulipewa kadi iliyosema kwamba onyesho bado ni la majaribio na kwamba maoni yetu yatasaidia kulirekebisha kabla ya uzinduzi wa Jumamosi. Chini yake kulikuwa na mistari mitano. Ndugu Mkurugenzi, mistari mitano inamtosha mtu aliyekuja kupunga upepo. Mimi nimelazimika kutumia karatasi zangu mwenyewe, na ombi langu naliweka wazi mapema usije ukachoka njiani: nataka shimo langu lifunguliwe, nami nirudi ndani yake, kabla ya Jumamosi. Sababu zangu ni hizi.

1. Kiti. Nilipewa kiti katika safu ya nane, chenye mto, kinachotazama jukwaa zima. Huko ni kumnyanyasa mtu mwenye ujuzi wangu. Kutoka shimoni nilikuwa nawaona waigizaji kuanzia magotini kwenda chini, na hiyo inatosha kabisa. Nje ya jukwaa tunakunywa chai pamoja na sura zao nazijua, lakini wakiwa kazini mimi nilisoma miguu. Bwana harusi wa zamani alikuwa akikaribia kusahau, vidole vinajikunja ndani ya kiatu. Baba mkwe kisigino kilikuwa kinamcheza. Kwa hiyo neno lilikuwa limeshafika kwao kabla hawajajua kwamba limewatoka. Kutoka safu ya nane sikuona hata kiatu kimoja, kwa sababu mbele yangu alikaa mama mmoja mwenye kilemba cha ghorofa mbili. Nilibaki natazama nyuso, na nyuso, Ndugu Mkurugenzi, hazisemi lolote la maana.

2. Vicheko visivyo na maelezo. Utakumbuka kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiandika ripoti kwa ofisi yako kuhusu ukurasa wa ishirini na mbili, ambapo watu walikuwa wakicheka kila siku wakati hakuna mtu yeyote aliyesema neno. Nilidhani ni utovu wa nidhamu. Niliomba askari wa mlangoni aongezwe. Juzi nimegundua kwamba katika ukurasa huo mjomba wa bwana harusi huiba kipande cha keki, akakificha ndani ya kofia, halafu akalazimika kuivua kofia kumsalimia mchungaji. Nami nilicheka hadi mbavu zikaniuma, na mama watoto akanipa leso. Hata hivyo nalalamika, kwa sababu ilikuwaje nisiambiwe? Ripoti thelathini na moja nilizoandika zote mlizipiga muhuri wa "Imepokelewa". Mtu mmoja angeweza kushuka pale shimoni akaniambia, mzee, ni keki.

3. Hakuna aliyesahau. Hapa naomba ukae vizuri. Sehemu yote ya kwanza, nyimbo tisa, watu ishirini na wawili jukwaani, hakuna hata mmoja aliyesahau neno moja. Nilikuwa na mswada wangu mapajani na tochi ndogo, nikafuatilia kwa kidole. Zamani, onyesho la kwanza halikuisha bila kusahau mara kumi au kumi na moja, na tulikuwa tunatoka pale tukiwa ndugu. Yule aliyecheza bibi harusi miaka sita ya mwanzo alikuwa akinishika mkono baada ya kila onyesho na kuniambia, "Baba, leo umenizaa upya." Hawa vijana wapya walinipita ukumbini wakaniambia "Shikamoo" na basi. Nani anahitaji kumshukuru mtu ambaye hajamsaidia?

Napendekeza, kwa nia njema, kwamba kila mwigizaji apangiwe kusahau angalau mara mbili kwa onyesho. Ratiba ibandikwe nyuma ya jukwaa pale penye zamu za kufagia. Wenye nyimbo ndefu wasahau mara tatu. Atakayekumbuka kila kitu siku tatu mfululizo aitwe ofisini ajieleze.

4. Mbao. Pale lilipokuwa shimo sasa pamepigwa mbao na kupakwa rangi, na katika wimbo wa tano bibi harusi anacheza juu yake akiwa na viatu vya visigino. Sijui kama umewahi kukaa mahali ukashuhudia mtu akirukaruka juu ya paa la ofisi yako huku watu mia nne wakipiga makofi. Nilimwambia mama watoto, "Pale anapokanyaga ndipo kilipo kigoda changu." Akaniambia, "Nyamaza, ananifurahisha." Nimekaa na mwanamke huyu miaka thelathini na mmoja, na sijui kama kuna siku nimemfurahisha kwa kukanyaga kitu.

Huyo mama watoto alikuwa hajawahi kuja kwenye mchezo huu tangu uanze. Nilikuwa nikimkaribisha kila mwaka, naye akijibu kwamba hana haja ya kukaa peke yake gizani wakati mumewe yuko chini ya sakafu. Kwa hiyo juzi ilikuwa mara ya kwanza sisi wawili kukaa bega kwa bega tukitazama kitu kimoja, ukiacha foleni ya benki. Natamka hili kama maelezo tu, si lalamiko.

5. Ukimya. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ukurasa wa themanini na nne, kama unavyojua, bwana harusi amechelewa kwa saa nne, wageni wanaanza kuondoka, na bibi harusi anamgeukia mama yake na kumuuliza, "Mama, na wewe ulimpenda baba?" Katika mchezo wetu wa zamani mama alikuwa anajibu hapohapo, "Nilimpenda kabla sijalijua jina lake," tarumbeta linaingia, wimbo unaanza, kazi inaendelea. Juzi mama aliulizwa, akanyamaza.

Nilihesabu moja, mbili, tatu. Nikafika saba. Mama ameshika kiti kwa mkono mmoja, anatazama sakafu. Wapiga ala wote kimya. Kumi. Ukumbi mzima hakuna hata aliyekohoa. Ndugu Mkurugenzi, miaka kumi na tisa sijawahi kumwacha mtu wangu jukwaani zaidi ya sekunde tatu. Nikamnong'oneza kutoka pale nilipokaa, "Nilimpenda..." Hakusikia, kwa sababu ya umbali na kile kilemba. Nikaongeza sauti kidogo. Watu wa safu ya saba wakageuka. Mama watoto akanivuta koti. Lakini mtu anayezama humwachi eti kwa sababu mkeo amekushika koti. Nilisimama wima, nikakunja mikono mdomoni, nikamrushia mstari wote: "NILIMPENDA KABLA SIJALIJUA JINA LAKE!"

Ulifika. Aliinua macho, akanitazama, akausema, akaimba. Watu walicheka na kupiga makofi, na naamini sehemu kubwa ya makofi yale ilikuwa yangu. Mwongozaji wenu, yule binti wa miwani aliyekaa safu ya tatu, alishika tama kwa viganja vyote viwili na hakuinua kichwa hadi pazia lilipofungwa. Nilimwelewa. Alikuwa ameona aibu kwamba amefunika shimo.

6. Shukrani niliyopata. Badala ya kuitwa nyuma ya jukwaa, nilijiwa na msimamizi wa ukumbi na tochi yake, akaniinamia na kuniambia, "Mzee wangu, tafadhali keti, usipotulia tutakutoa." Mimi nitolewe! Katika jumba ambalo panya wake wananijua kwa kikohozi! Nilikaa kwa heshima ya nguo niliyovaa. Njiani kurudi nyumbani mama watoto hakusema neno, nami nikadhani ni uchovu. Kumbe hata jana hakusema mengi, alinipakulia chakula akatazama dirishani. Nimeona niliweke hili nalo kwenye orodha, maana onyesho lenu limenirudishia nyumbani mtu aliyenyamaza.

Kutokana na hayo, nadai kwa adabu zote:

(a) Mbao zing'olewe na shimo lifunguliwe kabla ya Jumamosi. Kigoda nitakuja nacho mwenyewe.

(b) Ukimya wa ukurasa wa themanini na nne uondolewe kabisa. Ikiwa mwongozaji ana mapenzi nao sana, basi mama aruhusiwe kukohoa, au aseme "Eee" ndefu, watu wajue kuna mtu ndani.

(c) Hayo yakishindikana, uzinduzi uahirishwe. Na hilo nalo likishindikana, nitakata tiketi ya kila onyesho, safu ya nane, na mswada wangu na tochi yangu, na mtu yeyote atakayenyamaza zaidi ya sekunde tatu nitamsaidia, apende asipende. Nina mapafu mazuri. Daktari amethibitisha.

Nisalimie fundi wa taa, umwambie mwanga wa asubuhi katika sehemu ya pili umependeza, sikujua kwamba kuna asubuhi. Nisalimie fundi cherehani na wasaidizi wake, mlinzi wa geti la nyuma, mama wa kantini, na wapiga ala wote isipokuwa wa tarumbeta, ambaye alikuwa akimwaga mate ya tarumbeta lake shimoni kwangu na hajawahi kuomba radhi. Mwongozaji naye msalimie. Mwambie sina kinyongo naye, ila mbao azing'oe.

Wako katika kazi ambayo haionekani,

Mkumbushaji
(mstaafu bila kupenda)

Nyongeza: Barua ilikuwa imeshafungwa. Mama watoto anafanya kazi posta, anapima vifurushi, na alipoishika akasema hii si barua, ni mzigo, akataka kujua imebeba nini. Akaifungua na kuisoma yote akiwa amesimama karibu na jiko. Alipofika namba tano akakaa.

Ameniambia yule mama wa jukwaani hakuwa amesahau. Alikuwa anafikiri. Nikamuuliza anafikiri nini wakati jibu limeandikwa. Akasema, "Mtu akiulizwa kama alimpenda mumewe, lazima afikiri. Ukumbi mzima tulikuwa tunafikiri naye. Mimi pia nilikuwa nafikiri, nilikuwa nimefika mahali, halafu wewe ukasimama ukanijibia."

Nikamuuliza alikuwa amefika wapi. Akasema hajui, wazo limemkatikia katikati, na tangu juzi analitafuta haliji. Nikataka kumsaidia, nikafungua mdomo, nikaona sina la kumnong'oneza.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naomba ufute namba moja hadi sita pamoja na (a), (b) na (c). Mbao zibaki zilipo, na kama seremala ameshaanza kuzing'oa, azirudishe na kuzikaza. Ukimya usipunguzwe hata sekunde moja. Kama mwongozaji anaweza kuurefusha, aurefushe, na mumwombe radhi yule mama kwa niaba yangu. Ninachoomba sasa ni tiketi mbili za Jumamosi, viti vinavyofuatana, katikati kabisa ya safu, ili hata nikitaka kuinuka nisipate njia. Nitanyamaza. Mswada nimeuacha kabatini, maana hata ningekuja nao, jibu ninaloliogopa halimo.