Ufunguo Usiovuka Mtaro

Umeme ulipokatika mji mzima mchana ule, kinyozi alimwachia Mrija nusu ya ndevu. Shavu moja lilikuwa laini kama la bwana harusi, la pili limebaki na vichaka vyake. Mrija akatoka nje na taulo shingoni kutazama barabara. Mashine za kusaga zilikuwa kimya, redio kimya, na muuza juisi aliikodolea macho blenda yake kama mtu aliyefiwa. Lakini ng'ambo ya mtaro, mtaa mmoja ulikuwa unavuma kama kawaida. Cheche za mchomeleaji ziliruka, na pale saluni wanawake walikaa chini ya madraya wakicheka.

"Wale wamemhonga nani?" Mrija akauliza.

"Wana umeme wao," kinyozi akajibu kwa uchungu. "Paneli za sola ziko juu ya paa la soko, betri ziko chumbani. Laini kubwa ikikatika, mtambo wao unajitenga, wao wanaendelea na maisha. Sisi huku tunashika tama."

"Hizo betri ni kubwa?"

"Kubwa, na bei yake usiulize."

Mrija akamrudishia taulo, akavuka mtaro.

Kwa wasiomjua, jina la Mrija hakupewa na mama yake. Alipewa na mji mmoja aliouhama kwa haraka, kwa sababu alijua kunywa kwenye glasi ya mwenzake bila kuigusa. Alikuwa mtu wa heshima zake. Hakuvunja mlango wa mtu, wala hakuwahi kumsema vibaya aliyemtapeli. Mali yake yote duniani ilikuwa pikapu ya buluu, na aliipenda kuliko ndugu zake, ambao nao walikuwa wameacha kumpokelea simu. Mshale wake wa mafuta alikuwa ameugandisha uonyeshe tangi limejaa hata likiwa tupu, akisubiri mnunuzi mwenye haraka.

Kabla ya alasiri laini kubwa ilikuwa imerudi, na Mrija alikuwa amepata kofia ngumu nyeupe, kizibao cha manjano kinachong'aa, na kipimo cha umeme kilichokufa zamani. Kamba ya kofia aliikaza ikafunika lile shavu lisilonyolewa. Akaenda na pikapu yake moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati ya umeme, bwana mnene mwenye duka la vyombo, aliyening'iniza shingoni ufunguo kwenye kamba nyekundu.

"Natoka kitengo cha ulinzi wa mitandao midogo," Mrija akasema kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya. "Sitakuficha, mwenyekiti. Betri zenu zina homa ya ndani."

"Homa?"

"Nimepita tu ukutani, kipimo kimepiga kelele. Homa hiyo ikiingia kwenye laini kubwa, mji unaungua, na wa kwanza kutafutwa ni wewe. Lazima zikapumzishwe karakana. Na chumba kisifunguliwe mpaka dakika ya kupakia. Zikipigwa na hewa, zinalipuka."

Mrija alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Badala yake macho ya mwenyekiti yakang'aa.

"Utazibeba zote?"

"Zote."

"Leo hii?"

"Hata sasa."

"Mungu mkubwa," mwenyekiti akanong'ona.

Mrija akamgusia kwamba naye atapata kifuta jasho. Mwenyekiti akakataa. Hapa mtu mwenye akili timamu angeshika kofia yake akakimbia, maana mwenyekiti anayekataa kifuta jasho ana lake jambo. Lakini Mrija alishaziona betri juu ya pikapu, na tamaa ilikuwa imemziba masikio.

"Sharti ni moja tu, kaka," mwenyekiti akasema. "Ufunguo huu haupokelewi kichochoroni. Siku za nyuma ulipotea. Aliyekuwa nao akasema kampa mwenzake, mwenzake akasema hajapewa, tukakaa gizani tunatazamana. Tangu hapo unavaliwa mbele ya watu wote. Anayeuvaa ndiye anayeulizwa. Hauvuliwi mpaka apatikane wa kuupokea, na hauvuki mtaro."

"Hilo tu?" Mrija akacheka. Kanuni za watu wengine zilikuwa zikimfurahisha siku zote.

Watu wakaitwa kwa kipaza sauti, wakajaa sokoni huku mawingu yakianza kukusanyika juu ya paneli. Mrija aliwahutubia juu ya homa ya betri mpaka mama wa saluni akajipangusa machozi. Ndipo akasimama mkunga, mama wa makamo aliyewazalisha nusu ya waliokuwepo.

"Shikamoo, mama," Mrija akawahi.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nina friji la chanjo pale zahanati. Ukiondoka na betri, na laini kubwa ikakatika, chanjo za watoto nizihifadhi wapi? Kwapani?"

Watu wakacheka. Mrija akaweka mkono kifuani.

"Mama, betri nyingine ziko njiani. Friji lako likizima hata kidogo, msimtafute mwingine. Nitafuteni mimi."

Mkunga alimtazama kwa utulivu, hasa pale kofia ilipokaribiana na sikio. Kisha akatabasamu. "Basi mvisheni ufunguo."

Mwenyekiti alimvisha upesi, akitabasamu. Makofi yalipopamba moto, akamwinamia. "Kaka, lete funguo za pikapu nikurudishie nyuma hadi mlangoni. Mtaalamu mzima utahangaika na usukani?"

Mrija alikuwa amelewa makofi. Akatoa.

Radi ikapiga, mvua ikashuka, na laini kubwa ikakatika. Mtambo wa mtaa ukajitenga kama ulivyozoea, ukatafuta jua, halipo. Ukatafuta betri. Taa zikafifia, zikazima. Jambo hilo halikuwa limetokea mtaani pale tangu siku ulipopotea ufunguo, na umati wote ukageuka kuutazama ufunguo.

"Fundi, fungua," akasema mchomeleaji, mtu wa mabega mapana na maneno machache.

"Zitalipuka!"

"Zikilipuka tutajua zipo."

Mrija akafungua. Mchomeleaji akaikamata betri ya kwanza kwa mikono miwili, ikamjia nyepesi hadi akakaribia kuanguka chali. Lilikuwa ganda tupu. Ya pili ganda, na nyingine zote maganda, isipokuwa moja kuukuu pale kwenye kona. Mwenyekiti alikuwa ameziuza kidogo kidogo, na kwa kuwa jua lilikuwa kali na lenyewe likibeba mzigo wa mchana, hakuna aliyeshtuka.

"Mwenyekiti yuko wapi?"

Jibu lilitoka nje. Pikapu ya buluu ilikuwa inakata kona kwa mwendo wa mwizi. Mrija akaukimbilia mlango.

"Jamani!" akapiga kelele, na kwa mara ya kwanza maishani akasema kweli tupu. "Mimi si fundi! Mimi ni tapeli! Nilikuja kuiba hizi betri, lakini haki ya Mungu sijaziiba!"

"Maskini, ameshtuka," mama wa saluni akasema. "Mpeni maji anywe."

"Tapeli gani anajitangaza?" mchomeleaji akauliza, akiwa ameuziba mlango wote kwa mabega. "Ufunguo unao wewe. Fanya kazi."

Mkunga akamshika mkono. "Mwanangu, hiyo kuukuu inaweza kulibeba friji langu mpaka laini kubwa irudi, ila kila mtu achomoe vyake. Mimi wamenizoea, hawanisikii. Wewe una mdomo. Utumie."

Mrija alitafuta upenyo wa kutoka, akakutana na macho ya kitoto kichanga kilichofungwa mgongoni kwa mama yake, kinamtazama bila kupepesa. Akaona aibu, aibu ya kweli, na hakuipenda hata kidogo.

Akaingia mvuani, nyumba hadi nyumba. Pale saluni aliapa kwamba umeme dhaifu hung'oa nywele na mzizi wake, madraya yakachomolewa yote. Dobi aliambiwa shati lililopigwa pasi ya umeme mgonjwa humwasha mvaaji kwapani. Bwana mmoja aliyesubiri mechi alielezwa kwa huzuni kuwa taa za uwanjani zinavutwa na televisheni kama yake, na timu yake ndiyo inayoshambulia kuelekea gizani. Akaichomoa mwenyewe, akaifunika na shuka. Mchomeleaji peke yake hakudanganywa.

"Wewe nakuomba tu," Mrija akamwambia.

"Nilishachomoa," mchomeleaji akajibu.

Wakauwasha mtambo upya. Mtaa mzima ulikuwa kimya, na ndani ya ukimya huo friji la zahanati likaanza kunguruma. Mrija akaegemeza sikio kwenye mlango wake, na mtu angeweza kuapa kwamba analia. Hakutoka pale mpaka mvua ikaisha na laini kubwa ikarudi.

"Mwenyekiti hatafika mbali," akawaambia hapo. Safari hii wakamwamini. Walimkuta kwenye kona ya pili, mvua ilikuwa imemfungia ndani ya pikapu, mfuko wa pesa za betri chini ya kiti, anaugonga mshale kwa kidole na kubisha kwamba tangi limejaa. Walirudi wakiisukuma pikapu, naye ndani akishika usukani.

Mrija akapanda juu ya kreti, akainua kamba nyekundu. "Haya, nani anaupokea?"

Mama wa saluni akatazama mbingu. Dobi akainama kufunga viatu, na alikuwa amevaa kandambili. Mkunga akamsogelea, akabandua kitu kwenye kofia, juu ya sikio, na kumwonyesha. Ilikuwa karatasi ya bei.

"Uliiona lini?" Mrija akauliza kwa sauti ndogo.

"Mkutanoni."

"Na ukanyamaza?"

"Yule bwana nilimshuku siku nyingi, ila hakukubali kuuvua. Nilikuwa natafuta mwenye tamaa ya kuuvaa." Akaitia karatasi mfukoni pamoja na funguo za pikapu alizompokonya mwenyekiti. "Gari litalala zahanati. Betri mpya zitataka kubebwa."

Kisha akaenda kulitazama friji lake.

Ng'ambo, kinyozi akatoka mlangoni na kupunga mkono. "We kaka! Umeme umerudi! Njoo nikumalizie!"

Mrija akateremka hadi ukingoni mwa mtaro. Akajipapasa shavu lenye vichaka, akautazama ufunguo kifuani, halafu akamtazama mchomeleaji aliyekuwa amesimama nyuma yake, anajifuta mikono taratibu.

"Njoo wewe huku," akajibu. "Njoo na wembe."