Fungu la Mwisho la Mlango wa Moshi

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema kwa fundi, mbaya kwa babu. Bi Mhuri, mkutubi wetu, ameniletea vitabu tisa vya watoto vilivyochanika. Akanikumbusha kwa mara ya elfu kwamba gundi si uji, nisiimwage hovyo. Mama yule hugonga mhuri kila kilichomo maktabani. Mwaka jana nilisinzia kidogo baada ya chakula cha mchana, nikaamka na tarehe imegongwa kwenye kiganja. Anasema ilikuwa bahati mbaya. Thubutu!

Kati ya vile tisa kimo Mlango wa Moshi, kitabu cha tatu cha hadithi za Binti wa Majoka. Mgongo umekatika. Fungu la mwisho linaning'inia kwa uzi mmoja. (Fungu ni kurasa kumi na sita zilizokunjwa pamoja. Kitabu ni mafungu yaliyoshonwa. Sijui kwa nini naieleza shajara yangu mwenyewe. Kujivuna tu.)

Kwa kawaida sisomi ninachotengeneza. Leo nimesoma. Mjukuu wangu, miaka kumi na miwili, hana habari nyingine nyumbani ila majoka, milango ya siri na Bibi Mlinzi, yule ajuza aliyemfundisha binti wa hadithi lugha ya majoka. Nikataka kujua huyo bibi ana nini cha ajabu.

Anakufa! Ukurasa wa 309. Hakuna dawa, hakuna uganga, hakuna joka linaloruka kwenda kuleta maji ya uzima. Nilirudia mara mbili nikitumai wapiga chapa wamekosea.

Bibi yake mjukuu wangu alituacha mwezi wa Novemba. Mtoto hajalia mbele yangu hata siku moja. Na jina lake ndilo la kwanza kwenye orodha ya wanaokingoja kitabu hiki. Zamu yake ni Jumamosi.

Haiwezekani. Nitafanya kitu.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza: kitabu kipotee. Nikakificha chini ya ile mashine ya kubania vitabu, juu yake nikaweka ndoo. Kazi safi. Bi Mhuri akakipata ndani ya dakika kumi. Akauliza kitabu kinafanya nini chini ya ndoo. Nikasema kinakauka. Akauliza tangu lini vitu vikakaushwa chini ya ndoo yenye maji. Nikasema ufundi una siri zake.

Akaondoka akitikisa kichwa. Yule mama ana macho ya polisi.

Mpango wa pili umenijia nikiwa nasugua meza. Fungu la mwisho limeshang'oka, sivyo? Linahitaji kushonwa upya, sivyo? Na nani atakayejua ni fungu gani nimeshona? Nilijipigia makofi, taratibu, nisisikike.

Jumatano, 6 Machi

Nimekuwa mwandishi.

Shida ni moja. Fungu lina kurasa kumi na sita, lazima zijae zote, na Bibi Mlinzi amepona kwenye ukurasa wa pili. Nilimpa jani fulani la mlimani, akapiga chafya, akapona. Zimebaki kurasa kumi na nne tupu. Waandishi hawa wanayatoa wapi maneno yao?

Basi nikamwamsha kitandani. Nikamfanya achemshe chai. Chai ikachukua kurasa tatu. Akaipuliza mara mbili ingawa ilikuwa imeshapoa. Akamgombeza Radi, joka la yule binti, kwa kuingia ndani na matope miguuni, akamwita mheshimiwa, kama anavyowaita wote wanaomuudhi. Akakunja shuka kwa kuanzia pembe, akimlazimisha binti ashike upande wa pili, na kila wakikutana katikati anambusu kwenye paji la uso. Nikatazama saa. Nilikuwa nimeandika kwa saa nne bila kuinuka.

Zimejaa kurasa kumi na tisa. Ikabidi nipunguze. Nilipofika pale pa kukata, moyo uligoma, kila sentensi ilikuwa kama namfukuza mtu chumbani. Mwishowe nilikata jani la mlimani na kubana mistari. Sasa anapona bila sababu.

Nilifurahi leo. Naona haya kuandika, lakini nilifurahi sana.

Alhamisi, 7 Machi

Nimechapa. Karatasi ni nyeupe mno, ile ya kitabu imeshageuka rangi. Nikazilaza kwenye sinia la chai ya rangi. Bi Mhuri akaingia, akanusa, akauliza harufu hii ni ya nini. Nikasema nakunywa chai. Akaliangalia sinia. Nikasema leo nina kiu.

Kisha aibu ya mwaka. Mimi, fundi wa miaka thelathini na moja, nimekunja kurasa vibaya! Bibi Mlinzi ameamka kitandani ukurasa wa 311 na kuugua ukurasa wa 314. Halafu amekunywa chai kabla ya kuchemsha maji. Nikachapa upya, nikalowesha upya, nikakausha kwa pasi, nikashona kwa mafundo mawili mawili kama ninavyoshona siku zote. Fungu la kweli nimelitia kwenye bahasha, bahasha kwenye droo, droo nimeifunga.

Ukikishika huwezi kujua. Hata aliyekiandika asingejua.

Jumamosi, 9 Machi

Mjukuu kaja kuchukua kitabu. Nikajitia hamnazo, napanga majalada ambayo yalikwisha pangwa.

Hakufungua ukurasa wa kwanza. Alifungua mwisho! Palepale mezani kwa Bi Mhuri, amesimama, begi mgongoni. Akasoma ukurasa, akasoma mwingine, akarudi nyuma akausoma tena. Kisha akainua macho akaniangalia kwa muda mrefu. Nikampungia mkono. Sijui kwa nini, tulikuwa hatua tatu tu.

Akasema anakwenda nacho nyumbani. Sauti ya kawaida kabisa.

Ushindi!

Jumapili, 10 Machi

Amesoma kutwa. Alasiri nikauliza, kwa ujanja, kama kitabu ni kizuri. Akasema kizuri. Nikauliza, kwa ujanja zaidi, kama kuna yeyote aliyeugua. Akasema babu, mbona Bibi Mlinzi anamwita Radi mheshimiwa, kwenye vitabu viwili vya kwanza hakuwahi. Nikasema waandishi ni watu wa ajabu, hubadilika.

Akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Nikapita ukumbini kwa bahati, nikasimama kidogo kwa bahati. Alikuwa analia.

Machozi ya furaha, bila shaka. Bibi amepona, nani asingelia? Hata hivyo nimeshindwa kula.

Jumanne, 12 Machi

Nimeumbuka.

Jumanne alasiri ndiyo siku ya watoto wa kundi la kusoma. Wanakaa kwenye mkeka sehemu ya watoto na kubishana kuhusu majoka. Sikujua kwamba maktaba ina nakala mbili za Mlango wa Moshi. Miaka thelathini na moja, sikujua! Nakala ya pili ilikuwa kwa msichana mmoja wanayemwita Miwani, ambaye alisimama akasema kifo cha Bibi Mlinzi kilimfanya akose shule siku nzima. Wengine wakamuunga mkono. Akamgeukia mjukuu wangu, akamuuliza yeye alifanyaje.

Mjukuu akanitazama. Nilikuwa mlangoni na kopo la gundi. Akasema polepole kwamba kitabu chake kina mwisho mwingine.

Zogo! Wote walitaka kukiona. Bi Mhuri akakichukua kabla hawajakichana. Akakinusa. Akakifungua hadi mgongoni, akaona mafundo mawili mawili. Katika mji huu ni mtu mmoja tu anayefunga mafundo mawili mawili, na amekuwa akijisifu kwa hilo kwa kila anayesimama kusikiliza.

Nilingoja kelele. Hakupiga kelele. Alivua miwani yake, akasoma kurasa zote kumi na sita amesimama. Alipofika kwenye shuka akapangusa pua. Nilikuwa nimesahau kwamba alimjua mke wangu. Walikuwa wakinywa chai pamoja kila aliponiletea chakula, na wakinisema, nilikuwa nawasikia.

Akaniuliza kurasa za kweli ziko wapi. Nikasema kwenye droo. Akasema mpaka Alhamisi ziwe mahali pake. Hakugonga mhuri wowote.

Jumatano, 13 Machi

Naandika haya kwa shida.

Leo nilikuwa jikoni nachambua mchele. Mjukuu akaja akakaa mbele yangu, akavuta upande wake wa sinia, akaanza kuchambua pia. Akasema alijua toka Januari kwamba Bibi Mlinzi atakufa. Aliazima nakala ya Miwani kwa dakika mbili akasoma mwisho. Siku hizi kila kitabu hukianzia mwisho, ili ajue cha kujiandalia. Nikamuuliza tangu lini ana tabia hiyo. Akasema tangu Novemba.

Akasema kila nilipotoka hospitali nilimwambia bibi anaendelea vizuri. Kila siku. Alihesabu, siku kumi na tisa. Siku ya ishirini alirudi kutoka shule akakuta viti nje na watu wamekaa. Akasema angependa angalau kwenda kumwambia kwaheri.

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua pa kushika.

Nikasema nilitaka kumkinga. Akachambua kijiwe kimoja, akakiweka pembeni. Akasema babu, ulikuwa unajikinga wewe.

Nilifungua kinywa nibishe. Badala yake nilitokwa na machozi, mbele ya mtoto, juu ya mchele uliokwisha chambuliwa. Nikasema ni kweli, nilikuwa naogopa, nilidhani nikilitamka tu litatokea. Nikasema nimemkumbuka mno mke wangu. Nimekaa na neno hilo miezi minne. Naye akalia, hatimaye tukalia wote wawili, tukashikana mikono katikati ya sinia. Nilimwomba msamaha. Akasema amenisamehe, ila nimwahidi: nisimfiche tena jambo, hata liwe baya namna gani.

Nimeahidi. Kwa moyo wangu wote.

Wali uliungua. Tuliula.

Alhamisi, 14 Machi

Fungu la kweli limerudi mahali pake. Mjukuu alinishikia uzi. Kabla ya kushona tulilisoma kwa sauti, zamu kwa zamu, chumbani kwangu kazini. Ukurasa wa 309 ulikuwa zamu yangu. Akaniambia nisiruke kitu. Sikuruka. Lazima nikiri kwamba aliyekiandika anaijua kazi yake. Yule ajuza anaondoka akiwa ameshikwa mkono, na binti anabaki anaijua lugha yote.

Kurasa zangu kumi na sita nilitaka kuzitupa. Mjukuu akazinyang'anya. Amezishona mwenyewe kuwa kijitabu, kwa jalada la kitambaa alichokata kwenye shuka kuukuu la bibi yake. Mafundo yamelegea mno. Sikusema kitu. (Nilisema kidogo.) Bi Mhuri akauliza kama anaweza kukiazima. Mjukuu akasema kitakuwa na orodha ya kungoja.

Mimi ni mtu mpya. Ujanja basi. Kuanzia leo ni ukweli mtupu.

Jumatatu, 18 Machi

Kitabu cha nne kimefika! Kipya, kinanukia wino. Bi Mhuri alinipa nikivike jalada la plastiki. Mjukuu, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuaminika, akaniomba safari hii mimi ndiye nikianzie mwisho, kisha nimwambie ukweli.

Nikasoma. Radi anakufa. Joka zima, mabawa, moto, kila kitu. Na chini yake, kwa herufi kubwa, imeandikwa kwamba hadithi za Binti wa Majoka zimeisha hapo.

Nilipiga moyo konde. Sikuficha kitabu, sikugusa sindano. Alipotoka shule nilimkalisha kwenye kiti changu, nikamtazama machoni, nikamwambia wazi: Radi anakufa. Nilijisikia shujaa.

Chozi moja likamshuka mpaka kidevuni. Moja tu! Nikasikia mdomo wangu unasema, bila idhini yangu, kwamba asihofu, katika kitabu cha tano Radi anafufuka.

Hakuna kitabu cha tano.

Akafuta lile chozi. Akaniangalia muda mrefu, kichwa ameinamisha upande, kama bibi yake alipokuwa ananisikiliza nikieleza nimechelewa wapi. Akauliza hicho cha tano kina kurasa ngapi. Nikasema mia tatu na ishirini, kama vingine. Akasema basi afadhali nianze leo, akaenda zake kwenye mkeka.

Sikumwelewa alikuwa na maana gani. Watoto husema lolote. Cha muhimu ni kwamba hajashuku kitu. Mia tatu na ishirini ni mafungu ishirini. Nimeshamwambia Bi Mhuri nitahitaji karatasi nyingi na chai.