Malalamiko Dhidi ya Kinanda Kisichochoka

Ndugu Katibu wa Klabu, pamoja na wanakamati wote,

"Kinanda kimoja cha umeme kinafanya kazi ya wanamuziki saba, tena hakichoki." Maneno haya si yangu. Ni yako, Ndugu Katibu, uliyoyaandika kwa kalamu nyekundu na kuyabandika kwenye ubao wa matangazo, juu kidogo ya tangazo la miwani iliyopotea. Nimeyasoma mara tatu. Mara ya tatu nilivua kofia.

Naanza na hilo la kutochoka, maana ndilo lililoniponza. Tangu lini kutochoka kukawa sifa? Inzi hachoki. Bomba linalovuja halichoki. Mgeni rasmi akishika kipaza sauti hachoki, na sijaona aliyempa zawadi kwa hilo. Bendi yetu ya zamani ilikuwa na watu saba, na wote saba, namshukuru Mungu, walikuwa wakichoka. Mpiga tarumbeta alikuwa na pumu. Mpiga dramu alikuwa ameshalowa jasho ifikapo ubeti wa tatu. Ndiyo maana nyimbo zao zilikuwa na mwisho. Wimbo hauishi kwa sababu mtunzi ameona umetosha, Ndugu Katibu. Unaisha kwa sababu kuna binadamu anataka kukaa chini.

Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili jioni, mlituita tuje tukisikilize chombo hicho. Mpigaji alikuwa fundi friji wetu, Vidole Kumi. Sina ugomvi naye. Friji yangu inagandisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba mlitangaza dansi lifunguliwe na wanachama waanzilishi pamoja na wake zao, bila kuuliza kama waanzilishi na wake zao wanasemeshana. Mimi na mama watoto tulikuwa na miezi minane hatusemeshani, na mtaa mzima unajua. Habari zilipitia kwa binti yetu mshonaji. "Mwambie baba yako chakula kiko mezani." Nami: "Mwambie mama yako nimekiona." Meza yenyewe ni moja, na sote watatu tumeizunguka. Ilikuwa nyumba tulivu sana.

2. Kwamba chanzo cha kununiana huko kinajulikana vilevile, na nilikuwa sahihi. Siku ya mazishi ya mama mkwe, shemeji yangu mwalimu alisoma wasifu wa marehemu na kukosea mwaka wa kuzaliwa. Miaka miwili mizima! Nikasimama, nikasahihisha. Kwa adabu, na kwa kutaja cheti nilichokiona kwa macho yangu. Mtu yeyote anayeheshimu tarehe angefanya hivyo.

3. Kwamba kitufe cha kusimamisha mdundo kilinasa. Vidole Kumi alimaliza beti zake, akainua mikono, na kinanda kikaendelea: dramu, besi, na kitu fulani kinacholia kama filimbi yenye mafua. Alibonyeza. Akabonyeza tena. Akakipiga kofi la ubavuni kama anavyofanya kwa friji. Halafu akaenda kaunta, akafungua soda, akakunja nne na kusikiliza onyesho lake mwenyewe likiendelea bila yeye. Watu wakampigia makofi. Plagi ilikuwa nyuma ya kreti za soda, na kreti zilifika darini. Mpaka mtu aifikie plagi na kuichomoa zilipita dakika ishirini na sita, kwa saa ya ukutani, ambayo sote tunajua inakawia.

4. Kwamba Kanuni ya Tisa ya klabu hii inasema: "Hakuna mwanachama atakayetoka uwanjani kabla wimbo haujaisha, wala kumwacha mwenzake peke yake." Naikumbuka kwa sababu niliiandika mimi, kumkomesha yule kinyozi aliyekuwa akiwatelekeza wake za watu katikati ya ubeti kila akiona rafiki mlangoni. Wakati ule nyimbo zilikuwa za dakika nne.

5. Kwamba kutokana na hayo yote nililazimika kumshika mke wangu mkono kwa dakika ishirini na sita, mbele ya mashahidi. Mwanzo kila mmoja alitazama bega la mwenzake. Dakika ya tisa akasema, "Unanikanyaga." Neno la kwanza kuniambia mwenyewe tangu msiba.

Nikasema, "Samahani."

"Hiyo ni ya mguu," akasema. "Ya mama yangu iko wapi?"

Bendi ya binadamu ingekuwa imenyamaza hapo, nami ningeokoka. Badala yake ilibidi nijitetee nikizunguka. Nikamwambia mwaka ule ulikuwa na makosa.

"Najua ulikuwa na makosa. Niliuandika mimi. Mama aliniomba kitandani nimpunguzie miwili. Maisha yake yote alijipunguzia miwili, na baba alijua akanyamaza. Wewe ukamrudishia, mbele ya umati wote ule, hata udongo haujamfunika."

Besi ikaendelea. Mtu mwenye rafu nne za vitabu, aliyewahi kuwanyamazisha wenyeviti wawili katika kikao kimoja, alimwinamia mkewe sikioni. Nikasema nilichosema. Nilikisema polepole, na hakikuhusu mguu. Kinyozi anadai alinisikia. Mwacheni adai.

6. Kwamba hivyo nimepokonywa ugomvi wa miezi minane, niliokuwa nimeutunza vizuri, na ambao kwa hoja nilikuwa naelekea kuushinda.

Sasa tufikirie mbele kidogo. Ikiwa chombo kimoja chenye kitufe kibovu kimemaliza ugomvi mmoja katika jioni moja, kesho itakuwaje? Mtamweka mwenye nyumba uwanjani na mpangaji wake. Mtawaleta ndugu wanaogombea shamba. Mabaraza yatafungwa, mawakili watauza karanga, na sisi tunaoandika barua za malalamiko tutalalamikia nini?

Kwa hiyo nataka kamati iajiri watu saba wa kukaa kandokando ya kinanda na kuchoka kwa niaba yake. Wasikiguse. Kazi yao iwe kulowa jasho, kukohoa na kutazama saa. Wanne wakiinua mikono, umeme ukatwe. Mpiga tarumbeta wetu bado yupo, na pumu yake anayo.

Na ninyi wanakamati watatu mliosimama kaunta mkishikana mbavu kwa kicheko, hatua mbili tu kutoka kwenye plagi, nawadai ninyi hasa: Jumamosi hii fikeni saa kumi na moja, mziondoe zile kreti kwa mikono yenu wenyewe.

Nisalimieni mhudumu wa kaunta, mweka hazina na goti lake, na aliyepoteza miwani. Hata kinyozi.

Wako mwenye haki, na mwenye miguu inayouma,
Mwanachama Mwanzilishi, kadi namba nne

Nyongeza: Nasikia Vidole Kumi amepata kitufe kipya na atakuja kukifunga Ijumaa. Mzuieni. Plagi ilipochomolewa mama watoto alikuwa katikati ya sentensi, na anasema sentensi hiyo haiwezi kumalizikia nyumbani, kwa sababu nyumbani huwa nainuka mezani na kuondoka. Amenituma yeye mwenyewe, bila kumpitia binti. Kreti ziacheni zilipo. Mkipata nyingine kumi, ongezeni.