Gitaa la Kilimani na Hati ya Mtaalamu Mohdhar

Gitaa lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa jiko, soksi nne zimeanikwa shingoni mwake, na Mohdhar alipoliona nusura auparamie ua wa Mama Hannah kwa skuta yake.

Mwaka ulikuwa sitini na saba. Kilimani na Loresho, mitaa ya Nairobi, Wazungu walikuwa wakifunga virago, na kila aliyepanda ndege aliacha kitu nyuma: saa ya ukutani, cherehani, sanduku la visu. Vitu hivyo viliangukia mikononi mwa wapishi na walinzi. Hapo ndipo Mohdhar, kijana wa Mombasa mwenye tai nyembamba na ulimi mwepesi, alipojiteua kuwa Mthamini wa Vitu vya Kale. Hakuna aliyempa cheo hicho, lakini hakuna aliyemnyang'anya pia. Alikuwa na lenzi ya kukuzia, muhuri wa mpira aliochongewa River Road, na skuta ya kijani kibichi.

Skuta ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Mtu akifika mlangoni kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, huulizwa ana shida gani. Akifika kwa skuta, huletewa kiti. Mohdhar aliketi kwenye viti vingi kwa njia hiyo, akawaambia watu kwamba saa zao nzima ni mbovu na fedha zao halisi ni bati, kisha akawaondolea mzigo huo kwa huruma kubwa.

Lakini gitaa la umeme! Dedan, kiongozi wa bendi katika hoteli moja ya mjini, alikuwa ameapa mbele ya wapigaji wake wote kwamba atakayemletea gitaa halisi la ng'ambo ataondoka na Volkswagen yake. Mohdhar alikuwa akilala na kuamka na gari hilo. Alishajiona nyuma ya usukani, kiwiko nje ya dirisha, akiitikia salamu za watu wasiomjua.

"Hodi, Mama!"

"Karibu, baba. Keti." Hannah Njambi alimletea kiti. Alikuwa amewapikia Wazungu wa nyumba ile miaka kumi na miwili, na sasa aliilinda ikiwa tupu, mwenyewe akikaa nyuma, kwenye kota ya watumishi. "Unauza bima?"

"Hasha, Mama. Mimi natambua asili ya vitu. Kwa mfano hilo gitaa, ulilipata wapi?"

"Hii kitu ya kuanika soksi? Nilipata tu hapa. Kwani iko na maana?"

Mohdhar alitoa lenzi. Moyo ulimwenda mbio, ila uso aliukunja kwa majonzi, maana uso ulikuwa umezoea kazi. Rangi ilikuwa imekwanguka pale mkono wa mpigaji unaposugua. Mbao ilinukia kabati za Kizungu. Kichwani kulikuwa na kibandiko cha chuma chenye jina ambalo hajawahi kuliona maishani. Kama silijui mimi, akawaza, basi ni adimu kweli.

"Pole sana, Mama," akasema. "Hili si la ng'ambo. Limeundwa hapa hapa Nairobi, na fundi wa mbao asiyejua muziki. Ndani humo kuna nyaya za simu tu."

"Ngai! Sasa tuweke kwa stima tusikie?"

"La, la, la!" Mohdhar alilikumbatia gitaa. Likilia vizuri, mama atafumbuka macho na bei itapaa. "Umeme utakuunguzia nyumba. Mimi nakupa shilingi kumi, mpwa wangu akalichezee."

Hannah alianza kuzianua soksi, moja moja, bila haraka. "Siuzi, baba. Kuna mzungu mmoja wa kanisa alisema atakuja kuiona Jumamosi. Hata kama ni takataka, wacha aone."

Mohdhar aliona Volkswagen ikiondoka na mzungu wa kanisa.

"Ishirini, Mama."

"Pesa inaisha. Mimi nataka kitu ya kunipeleka kwaya." Macho yake yalitembea polepole mpaka kwenye skuta. "Hata hiyo pikipiki yako inalia vibaya. Ni takataka pia, ama?"

Ilikuwa dakika ngumu kwa Mohdhar. Aliipenda skuta ile. Alikuwa akiifuta vumbi kabla ya kufuta viatu vyake, na mara moja, peke yake, aliwahi kuiomba msamaha kwa shimo la barabarani. Lakini mwenye Volkswagen anahitaji skuta ya nini?

"Ni chuma chakavu," akasema, akiipa kisogo.

"Basi tubadilishane, takataka kwa takataka. Lakini uniandikie. Mzee Gerishon wa kanisa yetu anasema kitu isipoandikwa ni kama haikufanyika."

Ukitaka kumpata Mohdhar, mwombe aandike. Alikuwa na mwandiko mzuri na aliusikitikia kwa kukosa kazi. Aliketi nusu saa akitunga hati: kwamba yeye, Mtaalamu Mohdhar, amelipima gitaa hili na kuthibitisha kuwa liliundwa Nairobi na fundi wa mbao, kwamba si la ng'ambo kwa namna yoyote, na kwamba amelipokea kwa hiari, akiwa na akili timamu, kwa kubadilishana na skuta nzima iwakayo. Mzee Gerishon aliitwa, akasoma kila neno kwa sauti, akatia sahihi kama shahidi. Mohdhar akagonga muhuri mara mbili, wa pili kwa raha tu. Akaacha pia kadi ya umiliki wa skuta, akashuka Upper Hill kwa miguu huku akipiga mluzi.

Saa kumi alikuwa hotelini. Dedan alilipokea gitaa, akachomeka waya kwenye kipaza sauti, akagusa uzi wa kwanza.

"Mkulima mwenzangu," likasema gitaa kwa sauti nzito ya kiume, "je, umeogesha ng'ombe wako wiki hii?"

Mpiga ngoma alianguka kutoka kwenye kigoda. Dedan aligusa uzi wa pili, na gitaa likaendelea kueleza habari za kupe.

"Ni masafa tu hayo," Mohdhar alisema, jasho likimtoka. "Magitaa ya ng'ambo yana nguvu, yanashika mpaka redio."

Dedan alishafungua mgongo wa gitaa kwa bisibisi. "Ng'ambo gani, bwana? Hii ni nyaya ya simu. Hii mbao ni kichwa ya kitanda ya mzungu. Na hii jina hapa juu imetoka kwa friji." Akacheka mpaka akashika tumbo. "Ni kazi ya Kisilu, fundi vitanda wa River Road. Nilikuwa kwake wiki jana mama mmoja wa Kilimani akija kuichukua. Alimwambia Kisilu akwangue rangi hapa, aipake chai ikae mzee. Nikamuuliza ya nini, akasema anangojea mtaalamu."

Mohdhar alirudi Kilimani kwa miguu, gitaa begani, viatu vimejaa vumbi. Njia nzima alitunga maneno makali. Alimkuta Hannah amevaa sare ya kwaya, anaikanyaga skuta nayo inakataa kuwaka.

"Mama, umenidanganya!"

"Mimi?" Hannah alitoa hati kwenye mkoba, akaikunjua. "Nani alisema imeundwa Nairobi? Nani alisema nyaya za simu? Mimi nilikuuliza tuweke kwa stima, ukakataa. Baba, tangu uanze hii kazi yako, leo ndio umesema ukweli, na muhuri umegonga."

Mohdhar aliiinamia hati, akausoma mwandiko wake mwenyewe.

"Na hapa umeandika 'iwakayo'," Hannah akaongeza kwa upole. "Haiwaki. Nimwite Mzee Gerishon?"

Aliitazama skuta. Ilimuuma kuiona ikikanyagwa vibaya vile na mtu asiyeijua. Akaweka gitaa chini, akailaza kidogo upande wa kushoto, akaziba tundu la hewa kwa kidole, akaikanyaga mara moja. Ikawaka.

"Usiibane sana gia ya pili," akamwambia, na machozi yalimlengalenga. "Haipendi."

"Asante, baba. Mimi niliendesha trekta ya mzungu miaka miwili, tutaelewana." Hannah alipanda, akaketi vizuri, kisha akamtazama viatu. "Unaenda town? Basi panda, nikuache Ngong Road."

Mohdhar akapanda nyuma, akalipakata gitaa, akashika kiti.